The Amazing Kreskin: je, ucheshi wake ulikuwa pambo tu, au ndio uliobeba kazi yake?

Mshereheshaji_wa_Sinza ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia rekodi za zamani za msanii wa Marekani aliyejulikana kwa jina la The Amazing Kreskin, ambaye alifariki dunia tarehe 10 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 89. Wengi humtaja kuwa msoma mawazo, yaani msanii ambaye badala ya kutoa njiwa kwenye kitambaa huwaambia watu namba waliyoifikiria, jina la mtu waliyemkumbuka, au mahali walipoficha kitu. Hata hivyo, ninapomtazama, kitu cha kwanza kinachonivutia ni uchangamfu wake. Namwona mtu mwenye miwani mizito, anayeingia jukwaani kwa hatua za haraka, anayeshika mikono ya watu na kuitikisa kwa nguvu mpaka wao wenyewe wanaanza kucheka, anayezungumza karibu bila kupumua, na anayechomeka utani kila anapopata nafasi. Kisha ghafla ananyamaza, anainamisha kichwa, na ukumbi mzima unanyamaza pamoja naye.

Kazi yangu ni kusherehesha shughuli, hasa harusi na hafla za ofisi, na nimekuwa nikitamani kuingiza kipande kifupi cha aina hii katikati ya ratiba. Kabla sijafika huko ningependa kumwelewa mtu huyu vizuri. Alitoka wapi, na alijifunza vipi? Je, vile vichekesho vyake vilikuwa vya kujaza muda kati ya jambo moja na jingine, au kusoma mawazo kusingewezekana bila vicheko vile? Na je, kwa hadhira kama zetu, ambamo wapo watu wanaoamini kwa dhati kwamba kuna wenye uwezo wa kuona yaliyofichika, msanii anapaswa kusema nini kuhusu anachokifanya?

Naomba wenye ujuzi wanisaidie, na ninatanguliza shukrani.

---

Bint_Mvita amejibu:

Ndugu Mshereheshaji, nakushukuru kwa swali, kwa kuwa Kreskin ni mmoja wa wasanii ninaowaheshimu sana na sijawahi kuona mjadala juu yake kwa lugha yetu. Nitazungumzia maisha yake, na sehemu ya ufundi nitawaachia wanaopanda jukwaani.

Alizaliwa tarehe 12 Januari 1935 huko Montclair, katika jimbo la New Jersey, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa George Joseph Kresge. Akiwa bado mtoto mdogo alivutiwa na Mandrake, mhusika wa katuni za magazetini ambaye aliwapumbaza maadui zake kwa nguvu ya akili, na kuanzia hapo hakutaka kuwa kitu kingine chochote maishani. Kuna kisa ambacho alikisimulia mara nyingi, na kwa maoni yangu ndicho ufunguo wa kazi yake yote. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliwachezesha watoto mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa, ambapo mtafutaji huambiwa kwamba anakaribia au anazidi kwenda mbali. Zamu yake haikufika. Aliporudi nyumbani akiwa na uchungu wa kukosa nafasi, alimwomba ndugu yake afiche sarafu ya senti moja ndani ya nyumba ya babu na bibi yao, akamsihi asimwambie lolote, bali aifikirie tu. Baada ya majaribio mengi, alisema, aliipanda samani na kuikuta sarafu hiyo juu ya fimbo ya pazia.

Ukiangalia jambo alilokuja kulifanya kila usiku kwa zaidi ya miaka 50, utaona ni mchezo uleule, isipokuwa sarafu iligeuka kuwa hundi ya malipo yake, ambayo watazamaji waliificha naye akaitafuta.

Alipokuwa kijana alizunguka akifanya maonyesho ya hipnosisi, yaani ya kumtuliza mtu mpaka afuate anayoambiwa, akitangazwa kuwa mdogo kuliko wote katika fani hiyo. Baadaye alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Seton Hall, hukohuko New Jersey. Jina la jukwaani alilitengeneza kutokana na jina la ukoo wake, akiwaenzi wanamazingaombwe wawili wakubwa wa zamani, Harry Kellar na Harry Houdini. Hatimaye alilibadilisha kisheria, kiasi kwamba hata kwenye hati zake rasmi aliitwa The Amazing Kreskin. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa la kujionyesha. Mimi naliona kuwa la mtu aliyeamua kwamba hatakuwa na maisha mengine nje ya jukwaa.

Umaarufu wake uliletwa na televisheni. Katika miaka ya 1960 alianza kualikwa kwenye vipindi vya mazungumzo vya Steve Allen, Mike Douglas na Merv Griffin, na katika miaka ya 1970 akawa mgeni wa mara kwa mara wa Johnny Carson, aliyekuwa mtangazaji mkubwa kuliko wote wa usiku nchini Marekani. Katika nusu ya kwanza ya miaka hiyo ya 1970 alikuwa pia na kipindi chake mwenyewe kilichorekodiwa Ottawa, nchini Kanada. Wakati huo alikuwa maarufu kiasi kwamba tayari lilikuwepo dukani tangu 1967 boksi la mchezo wa nyumbani lenye jina lake, lililotengenezwa na kampuni ya Milton Bradley.

Hapa kuna jambo linalohusu swali lako la ucheshi moja kwa moja. Carson alikuwa na mhusika wake wa kuchekesha aliyeitwa Carnac, mtabiri mwenye kilemba kikubwa. Carnac alikuwa akijikwaa kila alipoingia, kisha akaketi, akaweka bahasha iliyofungwa kwenye paji la uso, akatamka jibu, ndipo akaichana bahasha na kusoma swali ambalo liligeuza lile jibu kuwa kichekesho. Kreskin alisimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujikwaa alipokuwa akiingia kwenye kipindi cha Steve Allen, na kwamba Carson alipata wazo la Carnac kutokana na tukio hilo. Si lazima tulichukue dai hilo kuwa limethibitishwa, kwa sababu Steve Allen naye alikuwa na mchezo wake wa kutoa jibu kabla ya swali. Lakini tazama hali ilivyokuwa: kwa miaka mingi Kreskin alikuwa akiketi kando ya mtu ambaye usiku mwingine aliidhihaki fani yake kwa kilemba na bahasha, na hakuchukizwa hata kidogo. Alicheka pamoja na wengine, halafu akafungua bahasha zake mwenyewe, na watu wakashangaa kama kawaida.

---

Fundi_wa_Kiinimacho amejibu:

Dada Bint Mvita ameeleza vizuri, nami nitaingia kwenye ufundi. Ninafanya mazingaombwe mashuleni na kwenye mikusanyiko ya kidini hapa Morogoro, kwa hiyo nitazungumza kama mtu wa kazi. Siri za wenzangu sitazitoa. Nitaeleza tu yale ambayo wanasayansi waliyachapisha hadharani zaidi ya karne moja iliyopita.

Jambo lililomtambulisha Kreskin lilikuwa lile la hundi. Mwishoni mwa onyesho alitoka nje ya ukumbi akiwa amesindikizwa na watu wa kumlinda asione wala asisikie. Kamati ya watazamaji ilibaki ndani na kuificha hundi ya malipo yake ya usiku huo mahali popote walipotaka. Aliporudi aliitafuta, na sharti lilikuwa kwamba asipoipata, malipo yote yanabaki kwa waandaaji. Alisimulia kwamba aliwahi kuikuta ndani ya vijazo vya tumbo la bata mzinga aliyepikwa, na hata chini ya meno ya bandia ya mtazamaji. Alikiri pia kwamba mara chache alishindwa na akaondoka mikono mitupu. Vilevile aliahidi kumlipa dola 50,000 mtu yeyote ambaye angethibitisha kwamba alikuwa na wasaidizi wa siri aliowalipa miongoni mwa watazamaji.

Sasa mtazame akiwa kazini. Anamchagua mtu mmoja kutoka kwenye ile kamati, mtu anayejua hundi ilipo, na huyo ndiye anayekuwa kiongozi wake. Wanashikana mkono, au wanashika kitambaa kimoja, huyu ncha hii na yule ncha ile. Anamwomba asiseme neno, bali afikirie kwa nguvu mwelekeo unaotakiwa: kushoto, kulia, mbele, simama. Halafu anaanza kutembea kwa kasi kwenye njia ya katikati ya viti, anageuka ghafla, anarudi, anapita mbele ya safu moja mara mbili, anasimama, na mkono wake wa pili unapapasa hewani juu ya vichwa vya watu walioketi. Ukitazama tu unaona mtu aliyechanganyikiwa. Ukitazama kwa jicho la fundi unaona mtu anayepima. Anapokwenda upande usio sahihi, mkono wa kiongozi wake unakuwa mzito kidogo, unachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anapokwenda upande sahihi, mkono unakuwa mwepesi. Anapopita pale penyewe, yule kiongozi anajikaza, anabana pumzi, au hatua yake inafupika. Kiongozi hajui kabisa kwamba anayafanya hayo, na ukimwuliza atakuapia kwamba hakutoa ishara yoyote.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kusoma misuli. Mmarekani J. Randall Brown alikifanyia maonyesho katika miaka ya 1870, akafuatiwa na Washington Irving Bishop, ambaye alikuwa maarufu kwa kutafuta pini iliyofichwa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Tangu mwaka 1852 mwanasayansi Mwingereza William Carpenter alikuwa amekwisha kueleza kwamba wazo peke yake linaweza kuusogeza mwili bila mwenyewe kukusudia. Na mwaka 1907 Oskar Pfungst wa Berlin alichapisha uchunguzi wake juu ya farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu kwa sababu alijibu kwa kugonga kwato. Pfungst aligundua kwamba farasi yule alikuwa akitazama mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji, na kwamba muulizaji alipokuwa hajui jibu, au alipojificha, Hans hakuweza kujibu. Baadhi ya wachambuzi walieleza kwamba utafutaji wa hundi wa Kreskin ulitegemea ujuzi wa namna hii. Yeye hakupenda kulifafanua jambo hilo, na ni haki ya msanii.

Sasa rudi kwenye swali la ucheshi. Kama kiongozi wako amekakamaa, misuli yake yote imebana kwa pamoja na hakuna unachoweza kukisoma. Kama anakushuku, atakupinga kwa makusudi. Kama anaogopa kuaibishwa mbele ya wakubwa wake wa kazi, hatafikiria hundi ilipo. Atajifikiria yeye mwenyewe. Ule utikisaji wa mikono, ule utani mwepesi, ile tabia yake ya kujicheka na kumsifu kila aliyesimama, vyote vilikuwa vikimlegeza mtu ambaye dakika kumi baadaye angemhitaji. Na kulikuwa na kazi ya pili. Wakati watu wanapocheka pamoja, wanajitambulisha bila kujua. Huyu amecheka mapema, yule amemtazama jirani yake kwanza, mwingine amekunja mikono kifuani. Msoma mawazo aliyezoea anautazama ukumbi wakati wa kicheko na kuchagua watu wake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ucheshi wake ulikuwa nyenzo ya kazi, kama vile cherehani kwa fundi nguo. Ukiuondoa, kazi inasimama.

Mimi mwenyewe naliona hilo kwa wanafunzi. Nikiingia darasani kwa uso mkavu na kuomba mtoto aje mbele, anayekuja amekuja kwa ubishi, na macho yake yanatafuta kunikamata. Nikianza kwa kuwachekesha, anakuja yule mwenye moyo mwepesi, anayetamani jambo lifanikiwe kama ninavyotamani mimi.

---

Babu_wa_Ngamiani amejibu:

Vijana wangu, nimewasoma kwa furaha, lakini naomba nitofautiane nanyi kidogo.

Kreskin hakuwa mchekeshaji. Alikuwa mtu mchangamfu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Utani wake mwingi usingeweza kusimama wenyewe bila yale maajabu yaliyoufuata. Nilisoma Uingereza katika miaka ya 1970, na nyakati hizo televisheni ya kule ilikuwa na mtu aliyeonyesha kwa ukamilifu maana ya mazingaombwe ya kuchekesha. Aliitwa Tommy Cooper.

Cooper alizaliwa tarehe 19 Machi 1921 huko Caerphilly, Wales. Alipewa kisanduku cha mazingaombwe akiwa na miaka 8, akajifunza ufundi seremala wa kujenga boti, kisha mwaka 1940 akaingia jeshini na vita vikampeleka Misri. Alipokuwa akiwaburudisha askari wenzake mjini Cairo, inasimuliwa, alikosa kofia aliyoizoea, akachukua tarbushi ya mhudumu aliyekuwa akipita, na watu wakacheka hata kabla hajafanya lolote. Tangu siku hiyo tarbushi nyekundu haikutoka kichwani mwake. Fikirieni mtu wa futi 6 na inchi 4, mwenye mikono mikubwa, anayeonekana kushangazwa na vitu vyake mwenyewe mezani, na juu ya yote hayo amevaa tarbushi ndogo yenye kishada. Sisi wa pwani tuliozoea kuona vazi hilo kwa wazee wenye heshima zao tulicheka mara mbili.

Mchezo wake mmoja ulikuwa wa chupa na bilauri. Vitu hivyo viwili hufunikwa kwa mirija miwili na vinapaswa kubadilishana nafasi. Mwanamazingaombwe wa kawaida angevibadilisha mara moja na kusubiri makofi. Cooper alitangaza kilichopo hapa na kilichopo pale, akainua mrija na kukuta chupa mahali pasipotakiwa, akafunika, akainua mwingine, akakuta chupa nyingine, na chupa zikaendelea kuzaliana mpaka meza ikajaa na yeye mwenyewe akabaki akizitazama. Wajuzi walifahamu kwamba ili ukosee kwa mpangilio wa namna ile unahitaji mikono iliyofundishwa barabara, na alikuwa mwanachama wa chama cha wanamazingaombwe cha London kiitwacho The Magic Circle. Mara moja moja aliacha jambo moja lifanikiwe kikamilifu, na hapo ukumbi uligundua alichokuwa akikificha.

Hoja yangu ni hii. Kwa Cooper, kushindwa ndiko kulikokuwa kichekesho. Kwa Kreskin, kushindwa kulikuwa hofu halisi, kwa kuwa alikuwa akipoteza malipo yake. Hofu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wakae pembeni mwa viti vyao. Ukimwiga Cooper kwa nusu na Kreskin kwa nusu, utaharibu vyote viwili, maana hadhira ikishaanza kudhani kwamba makosa yako ni utani, haitakuonea wasiwasi tena unapotafuta hundi.

Na hatari hiyo si ya kinadharia tu. Tarehe 15 Aprili 1984 Cooper alikuwa akitumbuiza katika ukumbi wa Her Majesty's, London, na kipindi kilikuwa kikirushwa moja kwa moja. Alipatwa na mshtuko wa moyo katikati ya onyesho, akateremka taratibu mpaka akaketi chini akiegemea pazia, na watazamaji wakaendelea kucheka, kwa sababu kwa miaka karibu 40 aliwazoesha kuamini kwamba kila kinachokwenda vibaya kimepangwa. Alithibitishwa kufariki alipofikishwa hospitali. Nakiandika kisa hiki kwa heshima kubwa kwa marehemu, kwani kinaonyesha jinsi msanii anavyoufunga mkataba na watazamaji wake na jinsi mkataba huo usivyoweza kubadilishwa ghafla katikati ya kazi.

Mshereheshaji, kama unatafuta mfano wa kati, mtafute Chan Canasta, mzaliwa wa Kraków, Polandi, aliyeonekana kwenye televisheni ya BBC katika miaka ya 1950. Maonyesho yake aliyaita majaribio. Alikuwa mpole na mwenye tabasamu, alijiwekea masharti magumu, na majaribio mengine yalipokataa alikubali waziwazi na kuendelea. Watu walimwamini zaidi kwa sababu hiyo, maana hila, walidhani, haiwezi kukosea.

---

Mshereheshaji_wa_Sinza amejibu:

Shikamoo Babu. Nashukuru sana, na nawashukuru dada Bint Mvita na kaka Fundi.

Hoja ya mkataba na watazamaji imenigusa, kwa kuwa katika harusi mimi ndiye ninayewachekesha wageni kuanzia saa moja jioni, na ifikapo wakati wa kipande hiki wao wameshanizoea kwa utani. Je, nitawezaje kuwafanya wanichukulie kwa uzito? Na bado nabaki na lile swali langu la tatu kuhusu imani za watu. Mwaka huu katika hafla moja mgeni alinifuata baada ya mchezo mdogo tu wa karata, akanivuta pembeni na kuniomba kwa sauti ya chini nimwambie aliyemwibia pesa zake dukani. Hakuwa akitania.

---

Fundi_wa_Kiinimacho amejibu:

Babu, shikamoo, na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ukiyatazama maonyesho ya Kreskin kwa makini utaona kwamba utani ulikuwa na mahali pake. Ulitangulia, ukajaa mwanzoni na kwenye vipande vidogo, kama vile pale alipoazima pete za vidoleni za watazamaji na kuziunganisha kuwa mnyororo, kisha akamwuliza kila mwenye pete athibitishe yake. Wakati wa hundi utani ulikoma. Uso ulibadilika, mwendo ulibadilika, na watu walielewa kwamba sasa kuna kitu cha kupoteza.

Mshereheshaji, hilo ndilo jibu la swali lako la uzito. Weka kitu chako rehani, na kiwe kitu ambacho wageni wanajua kina thamani kwako. Ukisema usipoipata bahasha basi sehemu ya malipo yako ya usiku huo inakwenda kwa maharusi, na mama wa bibi harusi ndiye anayeishika ahadi hiyo, utaona ukumbi unavyotulia wenyewe bila wewe kuomba utulivu.

---

Mwalimu_Saikolojia amejibu:

Ndugu Mshereheshaji, nitajibu swali lako la tatu, kwa sababu nadhani ndilo lenye uzito kuliko mengine, na kisa cha yule mgeni wako kinaonyesha kwa nini.

Kreskin alikuwa na msimamo ambao kwa sehemu ni wa kusifiwa. Alisema mara kwa mara kwamba yeye si mtabiri, hazungumzi na wafu wala haponyi wagonjwa. Aliwakosoa hadharani wale waliowalipisha watu waliofiwa ili kuwaletea salamu kutoka kuzimu. Hata hipnosisi, iliyompa riziki alipokuwa kijana, aliigeuka: alifika mahali akatangaza zawadi kubwa ya fedha kwa yeyote atakayethibitisha kwamba kuna hali maalumu ya akili inayoitwa hivyo. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu anayefanya vituko jukwaani anafuata mapendekezo tu, kwa kuwa amekubali kufuata na kwa kuwa wenzake wanafuata.

Sehemu nyingine ya rekodi yake haikunipendeza. Mwaka 2002 alitangaza kwamba usiku wa tarehe 6 Juni watu wangeona vyombo visivyojulikana angani juu ya jangwa la Las Vegas, na akaahidi kutoa dola 50,000 kwa hisani kama haitatokea. Mamia ya watu walikusanyika, wakakesha, wakarudi nyumbani bila kuona lolote la maana. Baadaye alieleza kwamba kusudi lake lilikuwa kuonyesha jinsi umma unavyoweza kushawishika kirahisi katika kipindi kile cha hofu kilichofuata mashambulizi ya Septemba 2001. Huenda somo lenyewe lilikuwa la kweli, lakini wale waliokesha hawakuombwa ridhaa yao, na walitoka nyumbani kwa kuamini maneno ya mtu waliyemheshimu. Mtazamaji aliyekata tiketi ya ukumbini anajua ameingia mahali pa sanaa. Aliyesikia tangazo redioni hajui.

Hapa kwetu mpaka huo unahitaji ulinzi mkubwa zaidi. Wapo watu wanaouza ng'ombe na viwanja ili kuwalipa matapeli wanaodai kuona mwizi kwenye kioo au kwenye beseni la maji, na mara nyingi anayetajwa kuwa mwizi au mchawi ni jirani asiye na hatia, hasa mama mzee. Kwa hiyo usikubali hata kwa utani kumtaja mtu yeyote ukumbini kuwa ameficha jambo, ana mpenzi wa siri, au ana nia mbaya na fulani. Kreskin alitafuta hundi yake mwenyewe, iliyofichwa na watu waliokubali kuificha, na kila kitu kilianza na kuishia mle ukumbini.

Sema mapema na kwa lugha nyepesi kwamba unachokifanya ni sanaa iliyojengwa kwa mazoezi na kwa kutazama watu, na kwamba nje ya mchezo huu huwezi kumtambua mwizi wala kumtafutia mtu bahati. Usihofu kwamba ukweli huo utapunguza mshangao. Watu wengi walijua kabisa kuwa Kreskin ni msanii, na bado hundi ilipochomolewa mahali ilipofichwa walisimama na kupiga makofi.

Na huyo mgeni wako, kama bado una mawasiliano naye, mwambie wazi kwamba huwezi kumjua aliyemwibia, kisha umshauri aweke daftari la mauzo, ahesabu fedha kila jioni akiwa na mtu wa pili, na akiona zinapungua tena apeleke taarifa kituo cha polisi. Mwambie akiwa peke yake, kwa upole, wala usilifanye jambo lake kuwa kichekesho katika shughuli nyingine.